Nani Amalize Kitambaa cha Nkambo? Mjadala juu ya Darizi na Mifarishi ya Ukoo mjini Lubumbashi

Katika familia nyingi za Lubumbashi ambazo mizizi yake iko katika kambi za wafanyakazi wa migodi, darizi, yaani kazi ya kupamba kitambaa kwa sindano na nyuzi za rangi, imepita kutoka kwa bibi hadi kwa binti na kutoka kwa binti hadi kwa mjukuu bila kanuni yoyote iliyoandikwa, na kwa kuwa kanuni hiyo haipo, kila mara kazi inapoachwa katikati kwa sababu ya macho kufifia, ugonjwa au kifo, ukoo hujikuta mbele ya swali lisilo na jibu tayari: kitambaa kilichoanzwa na mkono mmoja kimalizwe na mkono mwingine, au kikunjwe na kutunzwa kilivyo? Swali hilo huonekana dogo, lakini ndani yake mna mambo mazito kuhusu nani aliwafundisha wanawake wa Katanga kushika sindano, kwa faida ya nani, na kitu kilichotengenezwa nyumbani ni mali ya nani.

Mjadala unaofuata unapanga sauti tano, na hakuna hata moja iliyo ya mtu fulani, kwa kuwa kila sauti imebebeshwa msimamo unaoweza kusikika katika mji huo. Ya kwanza ni ya Nkambo, jina ambalo Kiswahili cha Lubumbashi humpa mzazi wa mzazi, na ambaye hapa ni bibi aliyejifunza kudarizi kambini kabla ya uhuru wa Kongo wa mwaka 1960. Ya pili ni ya Mjukuu wake, mwanafunzi. Ya tatu ni ya Mama Mwalimu, anayefundisha ukataji na ushonaji katika shule ya ufundi. Ya nne ni ya Fundi, mwanamume anayeishi kwa cherehani yake katika komini ya Kenya mjini humo. Na ya tano ni ya Mtafiti, mtu wa historia ya jamii.

Mtafiti: Kabla ya kuuliza nani amalize kitambaa, ni lazima ijulikane sindano iliingia nyumbani kwa mlango gani. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ukaanzishwa mwaka 1910, na katika miaka ya mwanzo kampuni iliwachukua wanaume kwa mikataba mifupi kisha ikawarudisha makwao. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 sera ilibadilika, kwa sababu wakubwa wa kampuni walitambua kwamba mfanyakazi anayeishi na mkewe kambini hatoroki upesi, na kwamba watoto wake watakuwa wafanyakazi wa kesho. Basi wakaanza kuwaleta wanawake na kuwajengea nyumba, lakini hawakuwaachia wanawake hao wajipangie siku yao. Palifunguliwa vyumba vya kazi za mikono vilivyojulikana kwa jina la Kifaransa ouvroir, ambamo watawa wa Kikatoliki na wasaidizi wa kijamii wa Kizungu walifundisha kushona, kufuma na kudarizi, sambamba na usafi wa nyumba na malezi ya watoto wachanga. Na katika mitaa ya Waafrika iliyokuwa nje ya kambi, utawala wa kikoloni uliendesha vituo vilivyoitwa foyer social kwa lengo lile lile. Kwa hiyo, Nkambo, pamoja na heshima zote, maua yale yaliyoko kwenye foronya zako yalianza kama somo la utii.

Nkambo: Baba amesema kweli, ila amesimama mlangoni hakuingia ndani. Watawa walifundisha mishono, lakini yaliyofanywa na mishono hiyo baada ya wanawake kurudi nyumbani hayakuwa yao tena. Karatasi za michoro zilikuja na waridi na zabibu ambazo hakuna aliyezichuma kambini. Jioni, barazani, mwanamke wa kutoka Kasai aliketi na Mlamba, na aliyetoka Lomami aliketi na aliyetoka Ruanda, wote wakiwa bado wanajifunza Kiswahili cha mgodi, na mazungumzo yao ya kwanza yakawa juu ya rangi ya uzi. Huko ndiko waridi ilikogeuka kuwa ua lingine. Tena baba asisahau jambo moja: nyumba ilikuwa ya kampuni, kitanda mara nyingi kilikuwa cha kampuni, na mume akifukuzwa kazi, mke na watoto walitoka naye. Kitambaa cha meza, mashuka ya bibi harusi yenye herufi za majina mawili, kitambaa cha ubatizo wa mtoto, hivyo vilikunjwa na kuondoka na mwenyewe.

Jibu hilo la Nkambo lina uzito mkubwa, na mjadala wote usingefaa kuendelea bila kulitambua, kwa maana linatenganisha mambo mawili ambayo wanaoandika historia ya ukoloni huyachanganya kwa urahisi: chanzo cha ujuzi na umiliki wa kazi. Ujuzi uliofundishwa kwa shuruti unaweza kugeuka kuwa mali halali ya waliofundishwa, ikiwa wao wenyewe ndio walioutunza, wakaubadilisha na kuupokeza kwa watoto wao pasipo mtu wa kuwaamrisha. Katika kambi ambamo karibu kila kitu kilihesabiwa na ofisi, kuanzia posho ya unga hadi uzito wa mtoto, kitambaa kilichodariziwa kilikuwa miongoni mwa vitu vichache vilivyobaki mikononi mwa mwanamke aliyevitengeneza. Haifai kumwambia mwanamke huyo, baada ya maisha yake yote, kwamba alichokuwa akikifanya kilikuwa utii tu.

Mjukuu: Nkambo, ikiwa kitambaa ni chako kiasi hicho, basi mtu mwingine asikiguse. Sandukuni mna kitambaa cha meza ambacho ua lake la nne limeishia katikati, na sindano bado imechomekwa mahali ulipoishia macho yalipokataa. Mkono wa kijana ukikimaliza, atakayekuja kesho hataona tena pale ulipoishia, naye ataonyeshwa kitu kilichotimia ambacho hakikutimizwa na wewe. Ni afadhali mjukuu aanze kitambaa chake, hata kama ni kibaya, kuliko kuingia katika kazi ya mkubwa na kuifanya ya uongo.

Mama Mwalimu: Hofu hiyo ni ya haki, mwanangu, lakini inatokana na kutojua jinsi darizi inavyosomwa. Uzi unaouzwa kwa vishada, kama ule wa DMC, nyumba iliyoanza mwaka 1746 mjini Mulhouse, ni mkusanyiko wa nyuzi 6 ndogo zinazolala pamoja, na mdarizi huzitenganisha kabla ya kuanza: anayetaka mstari mwembamba wa shina huchukua 1 au 2, na anayetaka jani lililojaa huchukua 3 au zaidi. Nkambo hutumia nyuzi 2, mishono yake ni mifupi na imebanana, uvutaji wake ni wa sawasawa, na nyuma ya kitambaa chake hamna fundo hata moja, kwa sababu ncha ya kila uzi imefichwa chini ya mishono iliyotangulia. Wewe huvuta kwa nguvu, kitambaa kikajikunja kuzunguka ua. Hutumia nyuzi 3 ili kazi iishe upesi. Na nyuma mna mafundo. Mtu mwenye kujua akikigeuza kitambaa hicho, ataonyesha kwa kidole mahali mkono mmoja ulipokoma na mwingine ulipoanza. Hakuna uongo wowote unaoweza kupita hapo, labda mjukuu afumue mishono ya bibi yake ili yote ilingane, na hilo ndilo kosa la pekee lisilosameheka.

Mjukuu: Basi tatizo ni ubaya wa mkono. Kitambaa kizuri kitaharibiwa na mishono ya mwanafunzi.

Nkambo: Ua la kwanza la kitambaa kile nalo ni baya. Nani aliwahi kuligeuza akaliangalia?

Fundi: Wazee na walimu wanisamehe, lakini hapa panazungumzwa sindano kana kwamba muda hauna bei. Cherehani ya kudarizi inayoongozwa na kompyuta humaliza ua kama lile kabla chai haijapoa, nayo hutoa maua kumi yanayofanana bila tofauti ya nywele. Wateja wa harusi wanataka hivyo. Lakini hoja kubwa si mashine. Hoja ni kwamba kazi ya sindano ndani ya ukoo hailipwi, na kwa kuwa hailipwi huwaangukia wasichana, wakati kaka zao wako uwanjani au kwenye masomo. Fundi wa Kenya hupima, hukata, hushona na hutaja bei. Msichana hukalishwa miezi mitatu akimalizia kitambaa cha watu wakubwa, kisha huambiwa kwamba huo ni upendo. Kama ukoo unataka kitambaa kimalizwe, ukipeleke kwa fundi na ulipe.

Sauti ya Fundi mara nyingi hupuuzwa katika mijadala ya utamaduni, kwa sababu inaleta pesa mezani wakati wengine wanazungumza juu ya kumbukumbu. Lakini ni sauti inayosema kweli ambayo wapenzi wa darizi wanapaswa kuikubali kabla ya kuendelea. Katika shule za Kongo tawi la ukataji na ushonaji, linalojulikana zaidi kwa jina lake la Kifaransa coupe et couture, limekuwa kwa miaka mingi tawi la wasichana, wakati vibanda vya ushonaji vya sokoni vimejaa wanaume, na maana yake ni kwamba sindano ile ile inaitwa wajibu ikiwa mkononi mwa binti na inaitwa kazi ikiwa mkononi mwa kaka yake. Ukoo unaotaka kupokezana darizi bila kuikabili tofauti hiyo utakuwa unaendeleza somo la ouvroir bila watawa.

Mtafiti: Fundi amesaidia, na historia ya karibuni inampa haki kwa njia ambayo huenda hakuitarajia. Union Minière ilitaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967, na kampuni ya taifa iliyozaliwa humo ikaja kuitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi Septemba mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto karibu na Kolwezi iliporomoka. Na kufikia mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa umeanguka chini ya tani 50,000. Mishahara ilichelewa kwa miezi, kisha kwa miaka, na mwaka 2003 mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia uliwaondoa kazini wafanyakazi zaidi ya 10,000. Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameeleza kwa kina, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya watoto wa Shaba walioachwa na baba yao, yaani kampuni, jinsi mamlaka ya baba wa nyumba yalivyopungua na jinsi wanawake walivyosimamisha nyumba kwa biashara ndogo. Mikono iliyofundishwa kupamba nyumba ya mfanyakazi ndiyo iliyotafuta unga wa nyumba hiyo baada ya mfanyakazi kukosa mshahara.

Nkambo: Viliuzwa vitambaa vingi miaka ile. Vilivyoshonwa kwa ajili ya kuuza viliuzwa kwanza, kisha mashuka, kisha vitambaa vya viti vya sebuleni. Kile kisichokwisha hakikuuzwa, kwa sababu hakuna anayenunua ua nusu. Ndiyo maana kipo.

Mjukuu: Hilo hukuwahi kulisema, Nkambo.

Nkambo: Hukuwahi kukaa karibu na sindano ukauliza.

Maneno hayo mafupi yanafungua upande ambao hoja za umiliki na bei haziwezi kuufikia. Darizi ni kazi ya mikono ambayo huacha masikio na mdomo huru: macho yako kwenye kitambaa, wanaoketi pamoja hawalazimiki kutazamana, na mambo ambayo mzee asingeyasema akiulizwa ana kwa ana hutoka polepole kati ya uzi mmoja na mwingine. Watafiti wa mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 chini ya Dibwe na mwenzake Bogumil Jewsiewicki, walielewa kwamba vitu vya nyumbani huwafanya watu wa mji kusimulia maisha yao, na moja ya vitabu vya mradi huo, kilichotoka mwaka 2002, kiliwahusu wanawake, mitindo ya mavazi na muziki. Ila mtafiti huja mara moja na kuondoka na daftari, wakati mjukuu anayeshika ncha ya pili ya kitambaa anaweza kurudi kila Jumapili. Kwa hiyo anayesema kwamba kitambaa kitunzwe bila kuguswa anatunza kitu lakini anapoteza kikao, na katika mambo hayo mawili kikao ndicho kisichoweza kurudishwa.

Mama Mwalimu: Wakuba waliliamua jambo hili zamani, nao hawako mbali na historia ya mji huu. Reli iliyokamilika mwaka 1928 iliunganisha Katanga na bandari ya mto iliyoko Ilebo, ikipita Mweka, katika nchi ya Wakuba, na kwa njia hiyo watu wengi wa Kasai walifika Élisabethville. Kwa Wakuba, wanaume hufuma kitambaa cha ukili wa mwale, yaani nyuzi zinazotolewa katika majani machanga ya mti huo, na wanawake hukidarizi. Sketi ya sherehe ya mwanamke hufikia urefu wa mita kadhaa, nayo haishonwi na mtu mmoja: wanawake wa tawi moja la ukoo, wazee kwa vijana, kila mmoja hudarizi kipande chake, vipande hupita kutoka mkono hadi mkono, na kazi yaweza kuchukua miaka. Sketi ikikamilika ni ya tawi la ukoo, si ya aliyeshona wala ya anayeivaa, na ukoo ndio unaoamua ni nani atakayezikwa nayo. Kwao swali la nani amalize halina maana, kwa kuwa tangu mwanzo hakuna aliyekusudia kumaliza peke yake.

Mtafiti: Na kitambaa chenyewe kinaonyesha hilo. Kitambaa kipya cha mwale ni kigumu, hutwangwa ili kilainike, na katika kutwangwa hutoboka. Matundu yalizibwa kwa viraka vya umbo maalumu, kisha viraka vikawekwa hata mahali pasipo tundu, kwa mpangilio, mpaka kiraka kikawa pambo kuu. Marekebisho ya mkono wa pili yaligeuka kuwa uzuri wa kitambaa chote.

Fundi: Hayo ni ya kijijini, mahali ambapo ukoo unajulikana. Mjini, mzee akifa, ndugu wa upande mmoja hufika kwenye kilio na mfuko.

Kauli hiyo inagusa ugumu halisi wa Lubumbashi, mji ambamo wenyeji wa eneo kama Walamba huhesabu ukoo kwa upande wa mama, wakati Waluba wengi huuhesabu kwa upande wa baba, na ndoa kati ya pande hizo ni jambo la kila siku. Kwa desturi ya kwanza, kitambaa cha bibi humfikia mtoto wa binti yake bila kutoka nje ya ukoo; kwa desturi ya pili, mtoto wa binti ni wa ukoo mwingine, na sanduku la bibi linatazamwa na wake wa wanawe. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2016, inawapa watoto wa marehemu, wa kike na wa kiume kwa usawa, robo tatu ya urithi, lakini sheria hugawa thamani, na kitambaa cha meza hakigawanyiki kwa robo. Kwa sababu hiyo kitu pekee kinachoweza kukilinda ni maelewano yaliyofanywa mapema, mwenyewe akiwa hai na akisikika, kwamba kitambaa hiki kiko katika kazi na waliokishika ni hawa. Kitambaa kinachoendelea kushonwa na mikono mitatu inayojulikana si rahisi kuchukuliwa na mkono wa nne.

Mjukuu: Kuna njia nyingine ambayo haijatajwa. Badala ya kugombea kitambaa kimoja, ukoo ungetengeneza kitu ambacho tangu mwanzo ni cha vipande. Katika miezi ya Juni na Julai baridi ya usiku hapa hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, kwa kuwa mji uko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na kila nyumba inatafuta blanketi. Mfarishi ungefaa.

Mfarishi ni tandiko au blanketi la tabaka mbili au tatu zilizoshikamanishwa kwa mishono inayopita zote, na uso wake mara nyingi huungwa kwa vipande vya nguo kuukuu. Pendekezo la Mjukuu ni jipya kwa familia nyingi za mji, lakini si geni kwa watu wenye asili ya Afrika walioishi mbali nayo. Wasiddi wa Karnataka nchini India, ambao ni wazao wa Waafrika waliopelekwa huko na wafanyabiashara wa utumwa, wakiwamo Wareno wa Goa, hushona mifarishi iitwayo kawandi kuanzia ukingoni wakielekea katikati, na hutia pembeni vipande vidogo vilivyokunjwa ambavyo bila hivyo mfarishi huhesabiwa kuwa uko uchi. Huko Gee's Bend, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, wanawake wazao wa watumwa wamepokezana mifarishi kwa vizazi kadhaa, na mwaka 2002 kazi zao zilionyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa ya Houston na New York. Mmoja wa mifarishi hiyo ulishonwa mwaka 1942 na Missouri Pettway kwa nguo za kazi za mumewe aliyekuwa amefariki, na binti yake Arlonzia alimsaidia. Magoti yaliyochakaa na alama za mifuko iliyobanduliwa bado vinaonekana.

Nkambo: Salopeti za babu yenu, zile nguo zake za kazi, ziko chini ya kitanda. Mbili. Moja ina tundu la moto wa tanuru.

Fundi: Kitambaa cha salopeti ni kizito, sindano ya mkono itavunjika. Kiletwe kwenye mashine, mistari mirefu ipigwe humo, halafu akina mama wadarizi juu. Wajukuu wa kiume waje nao, watafundishwa kupiga mstari ulionyooka. Bei hiyo hailipwi kwa pesa.

Mama Mwalimu: Na kati ya vipande vya salopeti viwekwe vipande vya vikwembe, kwa kuwa kikwembe, ile nguo ya kujifunga ya mwanamke wa mji huu, kina kumbukumbu iliyochapishwa juu yake: cha 8 Machi, cha harusi ya shangazi, cha akina mama wa Kipendano wa Kanisa la Methodisti, hata kile chenye uso wa Mobutu ambacho hakuna anayekivaa tena. Kitambaa cha ua lisilokwisha kiwekwe katikati ya mfarishi. Hakitakuwa kimemalizwa na yeyote, wala hakitabaki sandukuni.

Mjukuu: Na ua la nne?

Nkambo: Ulimalize wewe, kwa nyuzi tatu hizo hizo zako. Ila usifumue yangu.

Hapo misimamo inakaribiana, ingawa hailingani, na si lazima ilingane. Mtafiti ana haki ya kudai kwamba historia ya ouvroir isifichwe chini ya maua, na njia bora ya kumtimizia ni kuiandika kwenye kitambaa chenyewe: upande wa nyuma, kwa uzi wa rangi moja, yadariziwe majina ya walioshona, mwaka ambao kila mmoja alianza, na mahali alipojifunzia sindano, liwe ni chumba cha watawa kambini, shule ya ufundi au baraza la jirani. Fundi naye ana haki ya kudai kwamba kazi hiyo isiwe mzigo wa wasichana peke yao, na ukoo ambao hauko tayari kuwakalisha wavulana kwenye sindano haujawa tayari kusema kwamba unapokezana urithi. Hoja ambayo haikusimama ni ile ya kutunza bila kugusa, kwa sababu kitambaa kilichofungiwa hupigwa na unyevu wa masika na kuliwa na mende sawasawa na nguo nyingine yoyote, na katika muda wote huo hakuna aliyejifunza kutoka kwake hata mshono mmoja.

Hukumu ya mjadala huu, basi, ni kwamba kazi imalizwe, lakini mbele ya aliyeianza. Mkono wa pili uonekane kuwa ni wa pili, mishono ya mkubwa isifumuliwe, na kitu kisiuzwe wala kugawanywa bila ridhaa ya wote ambao majina yao yako nyuma yake. Familia za Katuba, Kenya, Ruashi na kambi ya Gécamines ambazo bado zina Nkambo anayeona tundu la sindano, hata kwa miwani, zinaombwa zifanye hivyo mwaka huu, katika miezi ya kiangazi ambapo mwanga ni mzuri na kazi za shamba zimepungua: zifungue sanduku mbele yake, zimuulize kila kitambaa kilianzwa lini na kwa ajili ya nani, na mtoto mmoja wa kike na mmoja wa kiume wapewe sindano siku hiyo hiyo.